Mfumo Mpya, Tabia za Zamani

Askari ahamishwapo kituo hupewa nyumba nyingine, lakini sanduku lake huhama naye na vyote vilivyomo. Kompyuta ya Linux ni vivyo hivyo. Mfumo waweza kuwekwa upya wote, ilhali mambo ya mwenyewe yamebaki katika folda iitwayo "home".

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958 kusini-magharibi mwa Uganda, yamepokea Wakongo na Warundi wengi, watu wa nchi zilizosoma kwa mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Mbarara huandika kwa ule wa Kiingereza. Ichukuliwe basi kompyuta ya Ubuntu iliyotoka Nakivale: fundi wa mjini ameweka mfumo upya, na kwa busara hakuigusa "home". Inaporudi, mtoto anaandika "baba", skrini inaonyesha "bqbq". Fundi asiye makini atasema kibodi imekufa, naye atataka fedha ya nyingine. Kumbe ni mpangilio wa Kifaransa uliosalia sandukuni.

Kipimo ni chepesi. Afunguliwe mtumiaji wa pili, mgeni kabisa. Akiandika sawasawa, mfumo ni mzima na kibodi ni nzima; ugonjwa umo katika mipangilio ya yule wa kwanza. Kwa herufi, yatosha kuingia katika mipangilio ya kibodi na kuondoa Kifaransa.

Yako makubwa zaidi: picha ya skrini imetoweka, au upau wa kando haujitokezi. Katika Ubuntu, mambo hayo hutunzwa katika folda "dconf", ndani ya ".config", ile nukta ya mwanzo ndiyo iifichayo machoni. Mwenyewe atoke, abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, aingie kwa jina na neno lake la siri, kisha aandike:

mv .config/dconf .config/dconf-zamani

Akiwasha upya, mipangilio huanza upya. Folda haikufutwa, imebadilishwa jina tu, na yaweza kurudishwa. Isibadilishwe ".config" nzima, kwani humo mna mipangilio ya programu nyingine nyingi.

Ushauri wa kuogopwa ni ule wa kufuta "home" yote ili "kusafisha". Mkimbizi aliyeacha Kivu bila karatasi huenda amehifadhi humo nakala pekee ya cheti chake cha shule na picha ya wazazi. Nakala hizo zitiwe kwanza katika flashi, nayo flashi ibaki nyumbani kompyuta iendapo Mbarara.