Nani Anayewaandikia Watumishi Haja Zao?

Limezuka jambo miongoni mwa watumishi wa serikali na walimu ambalo halifai kuachwa lipite kimya. Halipo Dar es Salaam peke yake. Limekwisha panda nyanda za juu za Ufipa na kukaribishwa hadi Milanzi, kando ya mji wa Sumbawanga. Jioni, madaftari yakiwa yamekwisha sahihishwa au hayajasahihishwa, mtumishi hufungua simu yake akaanza kupekua kurasa za picha za bidhaa za ng'ambo: viatu, saa, mapazia, sufuria zisizoshika chakula, magauni ya kitambaa chepesi ambayo kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi Juni hayavaliki hata ndani ya nyumba. Hanunui. Anaweka alama tu. Kila alichokiwekea alama huingia katika orodha ya matamanio yake, na siku ya kuzaliwa ikikaribia, au sherehe ya kumuaga binti, orodha hiyo hutumwa kwa ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzake ili kila mmoja achague atakachotoa.

Wapo watakaocheka. Watauliza kama nchi imekwisha maliza matatizo ya madawati na mbolea hata mtu apate nafasi ya kuingilia simu ya mwalimu. Na waulize. Lakini mtu anayekubali mwingine amwandikie haja zake amekwisha kumkabidhi mshahara wake kabla haujalipwa, na mshahara wa mtumishi wa umma unatokana na kodi ya mkulima wa mahindi na maharage. Basi jambo hili si la chumbani.

Mtindo wenyewe una historia ndefu. Pryce-Jones, mfanyabiashara wa mji mdogo wa Newtown huko Wales, alianza kuuza nguo kwa njia ya posta mwaka 1861. Mwaka 1872 Montgomery Ward wa Chicago alitoa karatasi moja yenye orodha ya bidhaa na bei zake, akawatumia wakulima wa Marekani. Baadaye wakaja Sears, ambao kitabu chao kilikuwa kinene kiasi cha kuuza kila kitu kuanzia sindano hadi nyumba nzima iliyosafirishwa vipande vipande kwa treni. Mwaka 1933 Sears walianza kutoa kitabu cha pekee cha Krismasi, na mwaka 1968 wakakipa rasmi jina ambalo kwa Kiswahili ni Kitabu cha Matamanio. Watoto walikifungua, wakazungushia picha duara kwa kalamu, wazazi wakalipa. Mabepari hao angalau hawakuficha wanachouza.

Afrika haikusahauliwa. Kampuni ya Oxendale ya Manchester ilituma vitabu vyake katika makoloni ya Uingereza, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, jina hilo lilijulikana sana miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya shaba. Ufipa ni jirani wa nchi hiyo. Vijana wa Kifipa walikwenda kutafuta kazi huko migodini, kama wengine walivyokwenda kukata mkonge Tanga, na waliorudi hawakurudi na fedha tu. Walirudi na macho yaliyokwisha kuona picha za suti, kofia na viatu vya Manchester. Mfanyakazi aliagiza, akatuma hundi ya posta, akangoja miezi, kifurushi kikafika.

Hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote za wanaotetea vitabu vya bidhaa, na haifai kuikwepa. Katika miji ya Rhodesia ya Kaskazini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia katika maduka mengi ya Wazungu. Alihudumiwa kwa kijidirisha kilichotobolewa ukutani; alinyoosha mkono akatoa fedha, akapewa kile alichoamua muuzaji kumpa, nyama mbovu au kitambaa chenye kasoro, bila kuona wala kuchagua. Ubaguzi huo ndio uliosababisha migomo ya wanunuzi katika miaka ya 1950. Kwa mtu wa hali hiyo, kitabu cha Manchester kilikuwa duka lisilo na kijidirisha. Barua haikuonyesha rangi ya ngozi ya aliyeiandika. Vivyo hivyo katika majimbo ya kusini ya Marekani, Mweusi aliyekuwa akisubirishwa dukani mpaka Wazungu wote wamalize aliagiza Sears na kuondokana na matusi ya mwenye duka. Watu hao walitumia kitabu cha bepari kujipatia heshima waliyonyimwa, na hakuna mwenye akili atakayewalaumu.

Lakini ni kijidirisha gani kilichopo Sumbawanga leo? Mwalimu wa Milanzi huingia duka lolote atakalo, akashika kitambaa, akakinusa, akabishana bei mpaka mwenye duka akachoka. Fundi cherehani humpima mabega na kiuno kwa futi yake. Nguo ikibana, hurudishwa kesho yake kwa miguu. Mwalimu huyo anaacha yote hayo kwa hiari yake, anakwenda kusimama mbele ya kijidirisha alichojitobolea mwenyewe, kioo cha simu, ananyoosha mkono na fedha, kisha anapokea kile atakachopewa. Alichokikimbia mfanyakazi wa mgodini, msomi amekifuata.

Na gharama yake? Bei iliyoandikwa chini ya picha aghalabu ni bei ya huko huko China au Uturuki. Juu yake huja nauli ya meli au ndege. Huja ushuru wa forodha, ambao kwa nguo nyingi zitokazo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki umefika asilimia 35 tangu kiwango hicho kilipoanza kutumika Julai 2022. Huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayohesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Halafu kuna wakala wa Kariakoo, na baada yake safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kiatu kikifika ni kidogo kwa namba moja. Nani atakirudisha Guangzhou? Hupewa mdogo wake, na katika hesabu za nyumbani kikaandikwa kuwa ni zawadi.

Kuna jambo jipya ambalo Manchester na Chicago hawakuwa nalo. Mtoto wa Marekani alipozungushia picha duara kwa kalamu, Sears hawakujua. Kitabu kilibaki mezani kwa mama yake. Orodha inayohifadhiwa katika simu haibaki mezani kwa mtu. Mwenye duka anaisoma. Anajua mtumishi fulani ametazama friji mara tano na kwamba huitazama zaidi mwisho wa mwezi. Anamtumia taarifa kwamba bei imepungua, kwamba zimebaki tatu, kwamba wengine wanaziwania. Vitabu vya karatasi vimekwisha kufa huko vilikozaliwa: Sears waliacha kitabu chao kikubwa mwaka 1993, na Argos wa Uingereza wakaacha kuchapa chao mwaka 2020. Havikufa kwa sababu tamaa imepungua. Mwindaji amepata mtego usiohitaji karatasi.

Milanzi ingepaswa kuwa mahali pa mwisho pa kudanganyika kwa namna hii. Wazee wa Ufipa husimulia kwamba hapo ndipo yalipokuwa makao ya kwanza ya utawala wa nchi hiyo. Katika masimulizi hayo, ambayo mtaalamu wa Uingereza Roy Willis aliyachunguza katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, wanawake watatu wageni walifika mtawala akiwa hayupo nyumbani. Walipewa kigoda chake, wakakikalia. Aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kuwa yao. Yeye akabakiwa na Milanzi na heshima ya kimila. Masimulizi hayaanzi kwa vita. Yanaanza kwa kigoda kilichotolewa ndani na mwenyeji, kwa adabu au kwa hofu, bila kuuliza mgeni amekuja kufanya nini.

Tena ni Ufipa hii hii iliyojivika nguo kabla ya kuiona meli ya pamba. Katika karne ya 19 Wafipa walisokota pamba na kufuma vitambaa vizito vilivyojulikana kwa majirani zao, na wahunzi wao walijenga matanuru marefu ya udongo, wakayeyusha chuma, wakafua majembe yaliyouzwa mbali. Ufundi wa kufuma ulikufa wakati wa ukoloni. Nguo za viwandani kutoka ng'ambo zilikuwa rahisi, na zaidi ya hayo zilikuja na kasumba kwamba aliyevaa kitambaa cha nyumbani ni mshamba. Unafuu wa bei ungeweza kushindanishwa na bei nyingine siku moja. Aibu haikushindanishwa na kitu. Leo ni mafundi seremala na cherehani wa Sumbawanga wanaosubiri zamu yao ya kuonewa aibu, kwa sababu kabati lililopigwa randa hapa mjini halina picha nzuri katika simu.

Ubaya wa orodha hizi unaonekana zaidi zinapoingia katika zawadi. Zawadi kwa desturi zetu hutoka kwa mtoaji. Shangazi huleta debe la maharage, jirani huleta kuku, rafiki huleta kitenge alichokichagua kwa jicho lake, na mpokeaji hupokea kwa mikono miwili bila kukadiria bei. Orodha imepindua mambo. Mpokeaji ndiye anayeamua rangi, ukubwa na bei. Mtoaji kazi yake ni kulipa. Kitu cha namna hiyo lugha yetu ina jina lake, nalo ni kodi. Tena kodi hii haina msamaha: mwalimu wa daraja la chini hukuta vitu vya bei ndogo vimekwisha chukuliwa na waliowahi kuisoma orodha, akabakiwa na jiko la gesi. Akikataa, husemwa. Akikubali, hukopa.

Kila mtumishi anaijua kanuni ya theluthi moja, kwamba makato hayapaswi kumwacha chini ya theluthi ya mshahara wake. Kanuni hiyo inamlinda kwa mwajiri. Haimlindi kwa mkopeshaji wa mitaani, yule ambaye watu wenyewe wamempa jina la kausha damu, wala kwa mkopo wa simu unaotolewa kwa dakika tano na kudaiwa kwa kutangaziwa ndugu zake wote. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wanaoingia katika mitego hiyo si walevi wala wacheza kamari peke yao. Wamo walimu wanaokopa ili wasionekane mikono mitupu ukumbini.

Wengine hutoa utetezi wa historia. Husema kwamba wazazi wao walipanga foleni ya sabuni na sukari katika miaka ya mwanzo ya 1980, kwa hiyo watoto wana haki ya kushiba macho. Ni kweli ilikuwa miaka ya shida, na madhali wengi walioishi wakati huo bado wapo, hapana haja ya kuipamba. Lakini orodha ya mama wa mwaka 1982 ilikuwa na chumvi, kiberiti, mafuta ya taa na khanga moja. Aliiandika mwenyewe kutokana na kilichopungua nyumbani. Shida yake ilikuwa kukosa vitu alivyovihitaji. Ya mtoto wake ni kuhitaji vitu ambavyo jana alikuwa havijui.

Wala lawama zisiishie kwa walimu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa katika kampuni na nyumba za kupangisha, na hata masharti hayo yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kutamani halikukataza; pengine haliwezi. Hata hivyo mkubwa wa idara ambaye orodha ya zawadi za harusi ya mwanawe inapitishwa ofisini, mezani kwa makarani anaowatathmini yeye mwenyewe, ajue kwamba hapo hapana zawadi tena. Karani asiyejaza jina lake anaogopa, na mkubwa huyo anajua kuwa anaogopa.

Sherehe nyingi za Ufipa huja baada ya mavuno, na kamati za maandalizi haziko mbali kuundwa. Kamati hizo zina uwezo wa kukataa kupokea orodha yenye picha na bei. Zina uwezo wa kuagiza kabati, meza na vitanda kwa maseremala wa Sumbawanga, na sare kwa mafundi cherehani wa mjini, na kumwachia kila mchangiaji atoe kiasi anachokiweza bila jina lake kusomwa kwa kipaza sauti. Wakuu wa shule na wakuu wa idara wanaweza kupiga marufuku kupitisha orodha za zawadi katika saa za kazi na katika makundi ya simu yaliyoundwa kwa shughuli za ofisi. Hakuna sheria mpya inayohitajika, wala kibali kutoka Dodoma.

Na mtumishi anayetaka kuandika orodha, karatasi zipo. Aandike kilichopungua nyumbani mwake, akianzia jikoni, simu ikiwa imezimwa.