Gari la kulala Pwani lianze na upepo

Aliyewahi kukaa ndani ya matatu iliyoegeshwa Malindi saa saba mchana, ikingoja abiria wa mwisho, anajua adui wa kwanza wa gari la kulala katika Pwani hii ni joto. Lakini michoro mingi ya magari hayo huchorwa Ulaya, ambako fundi huanza kwa kujihami na baridi: kuta nene, hita, madirisha madogo. Mchoro wa namna hiyo ukiletwa Kilifi bila kuguswa, mwenye gari ataishia kulala nje.

Gari la kuanzia halina haja ya kutafutwa mbali. Toyota HiAce, ile ambayo wengi bado huiita Nissan, mafundi wa gereji za Pwani wanaijua nje ndani. Ile ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 170, kwa sababu sheria ya Japani huweka kikomo hicho kwa daraja la magari madogo. Ukitoa unene wa bati na mbao, mtu wa sentimita 175 hawezi kujinyoosha akilala kukingama. Kwa hiyo kitanda kifuate urefu wa gari, na mpango wa vitu vingine vyote ufuate kitanda.

Halafu upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto ya Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili hutokea upande wa bahari, na HiAce nyingi zina mlango wa kuteleza kushoto. Dereva anayetoka Mombasa kwenda Malindi ana bahari kuliani, hivyo mlango wake hutazama bara. Jioni akigeuza gari likaelekea kusini, mlango utafunguka baharini. Ndiyo maana dirisha kubwa likatwe upande wa kulia, mkabala na mlango, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Mlango na dirisha viwekewe wavu wa mbu. Hii ni nchi ya malaria. Feni ndogo darini itasaidia usiku upepo unapolala.

Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli za sola zinaweza kulazwa bapa juu ya paa mwaka mzima. Ziachiwe nafasi ya vidole vichache kutoka kwenye bati, hewa ipite chini yake. Hapo paneli hugeuka kivuli. Betri isikae karibu na viti vya mbele, kwa sababu injini ya HiAce iko chini ya viti hivyo na joto hufupisha maisha ya betri.

Kuhusu chumvi, walimu ni mafundi wa majahazi, waliokuwa wakiziba maungio kwa kalafati na kupaka mbao sifa, yaani mafuta ya papa. Gari nalo linataka moyo huohuo wa kukinga kabla ya kutibu: skrubu zisizoshika kutu, rangi nzito chini ya bodi, na kuoshwa kwa maji baridi kila linaporudi kutoka kando ya bahari. Kabati zinaweza kuwa za mwarobaini, mti uliojaa Pwani ambao mchwa hawaupendi.

Uzito usipuuzwe. Abiria 14 wa matatu, kila mmoja akiwa na kilo 70, ni kilo 980, na mzigo wa kitanda, kabati na maji usizidi hapo; lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 60 linawatosha watu wawili kwa siku chache. Kupika kufanyike nje, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za hapa. Gesi ya meko ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani hutuama sakafuni ikingoja cheche.

Viti vikigeuzwa kitanda, mabadiliko hayo yafikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili hati ya gari ilingane na gari lenyewe.

Taa za nje zinastahili kufikiriwa kwa makini zaidi. Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1968, kasa hupanda ufuoni usiku kutaga. Vifaranga vyao hufuata mwanga wakidhani ni bahari, kwa hiyo taa nyeupe inayomulika mchangani huwapoteza njia. Taa ziwe chache, nyekundu, zinazotazama chini, na gari lenyewe lisikanyage ufuo hata kidogo, maana mayai yamefukiwa mumo humo.

Kabla bati halijakatwa, mwenye gari alale usiku mmoja ndani ya gari tupu, karibu na ufuo wa Bofa huko Kilifi, mwezi Machi, milango wazi na chandarua kimetundikwa. Kukicha achukue chaki, amwonyeshe fundi mahali pa dirisha.