Kumcheka Mwandishi Kabla ya Kukifungua Kitabu



Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948 aliyehamia Uingereza ujanani baada ya Mapinduzi, alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Pongezi zilikuwapo. Lakini mitandaoni yalizuka pia mabishano na kejeli: Ni nani huyu? Ni Mtanzania kweli, au Mwingereza?

Wangapi kati yao walikuwa wamesoma japo ukurasa wake mmoja? Riwaya yake ya mwaka 1994, iitwayo Paradise, ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Humo yumo Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayeondoka kwao na tajiri Aziz akimdhania kuwa ni jamaa yake, kumbe babake amemtoa rehani kwa deni. Mwenye kuijua Sura ya Yusuf atatambua mara moja mwandishi alichota kisima gani.

Vijana wetu hapa Kitengela hawalali bila ya simu mkononi, na kumdhihaki wasiyemjua kwao ni mchezo. Na si wao tu. Sura ya Hujurati, aya ya 11, imewakataza dhihaka wanaume, kisha ikawataja wanawake kwa jina lao. Basi kina mama, msidhani makundi yenu ya simuni yamesamehewa.

Kitabu chenyewe ni cha watu wazima. Wazazi watangulie kukisoma, ndipo waamue kijana yupi apewe.