Picha za Simu Hukaa Wapi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwa vijana na kulipita, tukidhani si letu. Vijana husema, "Picha zangu ziko kwenye wingu." Mzee akisikia hivyo hutazama juu, kisha hucheka. Nami nilicheka. Lakini tangu mwezi wa pili sicheki tena, na sababu yake ni hii.

Huku kwetu Kilolo ninaye jirani, mkulima wa mahindi na viazi, mwenye vinyungu vizuri bondeni. Mwanawe anasoma Mbeya na ana kompyuta. Miaka 2 iliyopita kijana huyo alimnunulia baba yake simu janja, akamfungulia akaunti ya Google, akamwambia: "Baba, picha zote utakazopiga zitakwenda zenyewe kwenye wingu, nami nitaziona Mbeya kwenye kompyuta. Hata simu ikipotea, picha hazipotei." Mzee akaamini. Nani asingeamini? Siku zile za likizo alipiga picha ya ndama, na kijana akamwonyesha ndama yule yule kwenye kioo cha kompyuta.

Januari mkewe mzee akafariki, baada ya kuugua miezi mingi. Mwezi wa pili mzee alikuwa bondeni akifungulia maji, simu ikamchomoka mfuko wa shati ikaanguka mferejini. Nilipobisha hodi jioni na kumwamkia "Kamwene", aliitikia kwa sauti ndogo, akanionyesha simu imefukiwa ndani ya bakuli la mchele. (Enyi wapenzi, mchele wa Kyela ni wa kula. Hauyatoi maji yaliyokwisha kuingia ndani ya simu. Simu ikiingia maji, izime, toa laini, usiichaji kabisa, ipeleke kwa fundi upesi.)

Hata hivyo mzee hakuwa na hofu. "Simu ni kitu tu," alisema. "Picha za mama ziko salama Mbeya." Akaazima simu yangu, akampigia kijana. Kijana akafungua kompyuta, akatafuta. Picha za harusi ya Juni, iliyofanyika Iringa mjini, zilikuwapo zote. Baada ya harusi hiyo, hakuna hata moja. Miezi 8 mitupu. Na katika miezi hiyo ndimo zilimokuwa picha za mwisho za mama: amekaa kibarazani na mjukuu, amelala hospitali, ameshika rozari yake.

Zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe.

Kwanza tujue hilo wingu ni kitu gani. Si wingu hata kidogo. Ni kompyuta kubwa nyingi zilizopangwa katika jengo, zikiwaka usiku na mchana, na jengo hilo ni mali ya kampuni. Mojawapo la Google liko mji wa Hamina, nchi ya Finland. Zamani lilikuwa kiwanda cha karatasi, kama kile cha Mgololo ambacho watu wa Mufindi wanakifahamu. Google walikinunua mwaka 2009, na sasa maji baridi ya bahari hupitishwa humo kuzipoza kompyuta zisiungue. Wanayo majengo mengine ya namna hiyo katika nchi mbalimbali. Kuweka picha "kwenye wingu" maana yake ni kupeleka nakala yake ikakae katika nyumba ya mtu mwingine, mbali. Kijana akiwa Mbeya na baba akiwa Kilolo, wote wawili wanafungua chumba kimoja katika nyumba hiyo, kwa ufunguo mmoja. Ndiyo maana ndama wa Kilolo alionekana kwenye kompyuta bila waya wowote kati ya vyombo viwili.

Na safari ya picha ni ndefu. Hutoka simuni hewani hadi mnara, kutoka mnara huingia katika mkongo wa taifa, ule unaopita Iringa na Mbeya hadi mipakani, hufika Dar es Salaam, kisha huzama katika nyaya za baharini. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika huko chini ya bahari upande wa kusini, na siku kadhaa nchi nzima ikawa inahangaika na intaneti ya kobe. Tena tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, aliye na nakala kule tu hana kitu mkononi.

Sasa turudi kwa mzee. Programu ya picha katika simu nyingi huwekwa tangu mwanzo ipeleke nakala kwa Wi-Fi peke yake, ili isimalize bando la mwenyewe. Walioitengeneza wanaishi mijini, ambako kila nyumba ina Wi-Fi. Kwao ni wema. Lakini Kilolo Wi-Fi iko wapi? Siku za likizo kijana alikuwa akimgawia baba yake intaneti kutoka simu yake mwenyewe, na simu ya mzee ikaihesabu kuwa ni Wi-Fi, ikapeleka. Siku ya harusi walilala kwa ndugu mwenye Wi-Fi, ikapeleka tena. Baada ya hapo mzee alirudi kijijini, akawa ananunua bando lake la kawaida, na simu ikakaa inasubiri. Ilisubiri miezi 8, wala haikupiga kelele. Ilikuwa imeandika maneno madogo kwamba inasubiri Wi-Fi, lakini yaliandikwa mahali ambapo mzee hakujua kuwa pana kusomwa.

Basi wewe mwenye simu ya namna hii, leo hii fungua programu ya picha, gusa ile duara yenye herufi au sura yako juu, upande wa kulia. Hapo utasoma kama picha zote zimekwisha kuhifadhiwa, au kama ziko zinazosubiri. Ukikuta zinasubiri, waweza kuiruhusu itumie bando. Ila fanya hesabu kwanza. MB na GB ni vipimo, kama kisado na gunia. Picha moja ya simu za leo huwa na MB 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo GB moja hubeba picha kama 200 au 300. Video ndizo zinazokula. Video ya ngoma ya arusi ya dakika chache yaweza kumaliza bando la juma. Mimi nimeweka hivi: picha ziende kwa bando, video zisubiri nikifika mjini.

Google humpa kila mwenye akaunti GB 15 bure, na humo huhesabiwa picha, barua pepe na mafaili yote pamoja. Zikijaa, picha mpya haziingii mpaka ufute au ulipe. Watu wa Apple hupewa GB 5 tu.

Neno la kufuta nalo lina mtego, na wengi wamenaswa. Mtoto aona simu ya mama imejaa, afuta picha 300 ili apate nafasi ya mchezo, na moyoni asema, "Si ziko kwenye wingu?" La! Chumba ni kimoja. Ukizifuta katika programu hiyo simuni, zafutika na kule, na kwenye kompyuta hazionekani tena. Zilizokwisha kuhifadhiwa hukaa katika kapu la taka siku 60, na waweza kuzirudisha. Siku hizo zikipita, ndiyo kwaheri. Programu hiyo ina njia yake ya kupunguza mzigo simuni bila kugusa nakala za kule, nayo imeandikwa kwamba ni ya kupata nafasi katika simu. Tumia hiyo.

Juu ya ufunguo, yaani jina la akaunti na neno la siri. Nimekutana na baba wawili katika parokia yetu waliofunguliwa akaunti na vijana wa dukani siku waliponunua simu. Neno la siri alilitunga kijana, naye amekwisha kuhama. Hao hawana akaunti. Wana bahati tu, hadi siku simu itakapokufa. Liandikeni neno hilo kwenye daftari, kwa kalamu, mkaliweke sandukuni pamoja na hati ya shamba na cheti cha ndoa, na mkeo ajue liko wapi. Najua wapo mabwana watakaonuna kwa ushauri huu. Wanune. Namba ya simu iliyoandikwa katika akaunti nayo iwe hai, maana ukisahau neno la siri, ujumbe wa kukuokoa hutumwa huko. Laini iliyokufa haipokei ujumbe, na namba yenyewe yaweza kupewa mtu mwingine. Kadhalika akaunti isiyoguswa miaka 2 Google wanaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Utaratibu huo walianza kuutekeleza Desemba 2023. Wana pia mahali pa kuandikisha watu unaowaamini, hadi 10, wapewe vitu vyako ikiwa akaunti itakaa kimya kwa miezi uliyochagua, kuanzia 3 hadi 18. Mwenye wazazi wazee amsaidie mzazi wake kujaza hilo.

Na steshenari! Kila siku twaenda kuchapa vyeti vya watoto wanaoomba mkopo wa chuo. Twafungua akaunti kwenye kompyuta ya duka, twachapa, twalipa, twaondoka, na akaunti imebaki wazi. Anayekuja baada yako aona barua zako, picha za mkeo, kitambulisho chako cha taifa. Usinyanyuke kitini kabla hujatoka katika akaunti, na kama hujui kutoka, mwambie mwenye duka akuonyeshe huku ukitazama. Ukikumbuka uko njiani, rudi.

Mwenye kompyuta nyumbani, au mwenye mtoto aliye nayo, anayo njia nyingine ya zamani isiyotaka bando hata kidogo. Ule waya wa chaji, upande mmoja ingiza simuni, upande wa pili kwenye kompyuta. Fungua kioo cha simu, itakuuliza wataka kuchaji au kuhamisha mafaili. Chagua mafaili. Picha zikae katika kompyuta, na nakala nyingine katika flashi. Flashi hiyo nayo huenda sandukuni, ndani ya mfuko wa nailoni. Si kwamba nalidharau wingu. Nyumba ikiungua, flashi na kompyuta huungua pamoja, na hapo nakala ya mbali ndiyo inayobaki. Lakini kwa sisi tunaokaa mbali na Wi-Fi, waya huu mara 3 au 4 kwa mwaka, kijana akija likizo, umeshinda ahadi nyingi.

Picha za WhatsApp nazo zaweza kusaidia kidogo. Shemeji wa marehemu, anayekaa Tukuyu, alikuwa ametumiwa 3, akazirudisha. Moja ni ile ya kibarazani na mjukuu. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapozituma, na ilipochapwa kubwa sura ya mama ilikuwa na ukungu. Mzee aliitundika hivyo hivyo.

Simu yenyewe ilipelekwa kwa fundi Mwanjelwa. Ameifungua na kuisafisha, na asema mahali picha zilipo huenda hapakuharibika, ila anangoja kifaa kutoka Dar es Salaam. Hakuahidi kitu. Mzee amenunua kitochi, na kila Jumamosi humpigia fundi kumuuliza.