KADI YA JANA HAIPOKEWI LEO



Wako wanaotuuliza kwa nini karatasi yetu ya Visiwani ijishughulishe na bima ya afya ya Kenya. Jawabu letu ni fupi: Zanzibar nayo ina Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya tangu mwaka 2023, na mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Jirani zetu walikuwa na mfuko wao, N.H.I.F., tangu mwaka 1966. Haukuwa mfuko wa malaika, wala hatusimami hapa kuutetea. Lakini mwenye kadi alijua analipa nini. Sheria mpya ikapitishwa mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko mpya, S.H.I.F., ukashika mahala pake.

Tuseme haki kwanza. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 kwa mwezi. Mfuko mpya, unaochukua asilimia 2.75, ukamkata 550. Huyo kapata nafuu, nasi twasema hewala. Mwenye 50,000 katoka 1,200 kwenda 1,375. Mwenye 500,000, aliyekuwa akilipa 1,700 tu, kafikia 13,750. Huyo hatumlilii.

Tunayemlilia ni mvuvi wa Lamu, fundi, na mama muuza mandazi, ambao hawana karatasi ya mshahara. Kiwango chao cha zamani kilikuwa 500 kwa mwezi, kinajulikana. Sheria mpya ikawawekea maswali: nyumba yako imeezekwa kwa nini, ukuta wa nini, maji wapata wapi, choo chako cha namna gani? Kwa majibu hayo hukisiwa pato lao, lisipungue malipo ya 300 kwa mwezi, na ikatakiwa yalipwe ya mwaka mzima kwa mkupuo! Jamani, bati aliliezeka mwaka wa samaki wengi. Samaki wamekwenda zao, bati lingalipo, nalo ndilo lililoitwa kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe. Baadaye ukaletwa mkopo wa kulipia bima. Yaani maskini akope ili aruhusiwe kuugua.

Na wagonjwa je? Wanachama wa zamani walitakiwa wajiandikishe upya. Oktoba ile ya 2024 watu wa kusafishwa damu kwa mashine, na wenye saratani, walifika hospitali wakakuta kadi ya jana haipokewi na mtambo wa leo haujatengenea. Wakaambiwa watoe fedha taslimu. Figo haingoji mtambo.

Wala si kwamba hawakuonywa. Julai 2024 Mahkama Kuu ilihukumu kuwa sheria hizo zinapingana na Katiba, kwani wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba, Mahkama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee huku rufaa ikingoja. Mabwana wakashika ruhusa, onyo wakaliacha mlangoni.

Sisi hatupingi bima. Twataka hapa kwetu, ambapo matibabu ya bure yalitangazwa mwaka 1965, mambo matatu yaandikwe kabla ya raia wa kawaida kuguswa: kadi ya zamani ipokewe mpaka mpya iwe mkononi, kiwango kitangazwe mashehiani kabla ya kukatwa senti, na mvuvi na mchuma karafuu walipe kwa misimu yao. Haya tumeyauliza kwa maandishi. Jawabu likija tutalichapa hapa hapa, na lisipokuja tutachapa tarehe tuliyouliza.