Kuogelea Hakufundishwi kwa Hotuba

Alfajiri katika ufuko wa Mbamba Bay, mtu hukuta mitumbwi ikirejea kutoka kuvua dagaa. Mvuvi hupiga kafi upande mmoja, na kwa kafi hilo hilo hukiongoza chombo. Wimbi likimjia ubavuni, kiuno chake huyumba pamoja na mtumbwi pasipo yeye kufikiri. Ukimwuliza alijifunzaje, atakujibu kwamba alikuwa akienda ziwani na baba yake tangu utoto. Jibu hilo fupi lina elimu kubwa, nasi viongozi hatuna budi kuizingatia, kwani tukiipuuza, wananchi wanapoteza roho zao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Nchini kwetu hatujakisahau kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Wala ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawajaisahau MV Spice Islander, iliyozama mwezi Septemba 2011. Vyombo hivyo vilijazwa abiria kupita kiasi, na ujuzi wa kuogelea kamwe hauwezi kuwa kisingizio cha kuvumilia uzembe huo. Lakini wako pia wanaozama pasipo meli wala kivuko: mtoto aliyekwenda kuchota maji, msichana aliyekuwa akiosha vyombo, mvuvi aliyeteleza mtumbwini. Hao wanaweza kuokolewa na ujuzi wa miili yao wenyewe.

Je, mwili hujifunzaje? Mwandishi wa makala haya alipokuwa chuoni akisoma Kurani, aliandika herufi ubaoni, akafuta, akaandika tena. Mwalimu alimshika mkono siku za mwanzo tu. Baadaye mkono ulijiendea wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila kazi ya viungo. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kisovieti, Nikolai Bernstein, aliwapiga picha mafundi wakigonga nyundo. Aliona kwamba nyundo hufika palepale, ingawa mkono haupiti njia ile ile mara mbili. Fundi, basi, hakukariri mwendo mmoja. Amejifunza kulitatua jambo lile lile upya kila mara. Na mwogeleaji ni vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna mawimbi mawili yaliyo sawa. Kwa hiyo hawezi kufundwa darasani. Sharti aingie majini.

Liko fundisho la pili. Mwaka 1978 wataalamu wa Uingereza, Baddeley na Longman, walitangaza matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta kupiga taipu. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. Mwili hupenda kidogo kidogo, kila siku, na mapumziko katikati.

Sasa tujipime wenyewe. Msiba ukitokea, tunaitisha mkutano wa hadhara, tunatoa hotuba na kuwaonya wazazi, kisha tunaondoka. Mtoto aliyesikia hotuba hiyo akitumbukia majini atafanya yale yafanywayo na kila asiyejua: ataziba pumzi, atainua mikono juu, na miguu itamvuta chini. Aliyezoezwa hulala chali, huacha kifua kilichojaa hewa kimwinue, hutoa pumzi polepole, kisha huelekea pwani. Tofauti yao imo katika mazoezi. Tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: wananchi waliisikiliza redio kwa makundi, lakini hawakuishia hapo, wakashika majembe wakachimba vyoo.

Wala haihitaji mabwawa ya gharama. Nchini Bangladesh watoto wa miaka 4 hadi 12 walifundishwa katika madimbwi ya vijiji vyao, ndani ya vizimba vya mianzi. Kufuzu kwao ni kuogelea meta 25 na kuelea nusu dakika. Utafiti ulionyesha kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa waliofundishwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90, wakilinganishwa na wenzao wasiofundishwa.

Wako watakaosema kwamba wasichana hawafai kuingia majini mbele za watu. Stara ni jambo jema, lakini haizuii elimu. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili, na wanawake wenzao ndio walimu. Aidha, Waislamu husimulia kwamba Khalifa Umar aliagiza watoto wafundishwe kuogelea. Maji hayabagui mvulana na msichana. Basi nasi tusibague.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya ufukoni na visiwani itenge nusu saa kwa siku, kwa majuma kadhaa mfululizo, badala ya semina ya siku moja. Pili, wavuvi hodari na akina mama wanaojua kuogelea waandaliwe kuwa walimu, wafundishwe pia namna ya kuokoa, na walipwe posho. Ujuzi wao ni mali ya taifa. Tatu, mabwana afya na viongozi wa vijiji wachague mahali pa kina kifupi, mbali na matete na midomo ya mito, ili watoto waepushwe na kichocho na mamba. Na upepo wa mwera ukivuma, mazoezi yasimame.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu wangali wabichi, walimu wako ufukoni wakishona nyavu, na maji yako mlangoni. Kinachongojwa ni uamuzi wa halmashauri zetu, nao usingoje msiba mwingine.