Anayetaka Kanisa Libadilike

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifunga safari hadi Kampala akiwa na malalamiko tele kifuani. Hospitali ilikuwa imeingiwa na ugomvi, na Ukristo wa wengi ulikuwa wa jina tu. Alikwenda kwa Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameacha kazi ya serikali ili ahubiri Injili, akamwaga yote. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba ubovu wa hospitali ile ulikuwa umeanzia moyoni mwake yeye mwenyewe. Kinuka aliondoka na neno hilo. Njiani akatubu, na akafika Gahini akiwa mtu mwingine.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu toleo hili linahusu malezi ya kiroho na uongozi wa mabadiliko kanisani, mambo mawili tuliyozoea kuyatenganisha. Malezi tumeyaachia semina za Kwaresima na vikundi vya maombi, na mabadiliko tumeyakabidhi kamati ya mipango. Naamini utengano huo ndio unaotuchosha. Kanisa haliwezi kuongozwa kwenda mahali ambapo kiongozi wake mwenyewe hajakanyaga.

Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya toba iliyomgusa Kinuka, ni ushahidi wetu wa karibu. Mnamo Septemba 1929, Nsibambi alikutana Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Hapakuwa na azimio la sinodi wala bajeti. Lakini katika miaka iliyofuata moto ule ulivuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Huko Bukoba ulimgusa kijana Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Sisi tunaanzia upande wa pili. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha usharika mmoja kilichopitisha mpango mkakati wa miaka mitano. Ulikuwa umechapwa vizuri na kujalidiwa, na wajumbe waliupigia makofi. Kikao kilipofungwa, wazee wawili waliouandika walitoka kwa milango tofauti. Hawakuwa wamesalimiana tangu uchaguzi wa viongozi. Niliporudi baada ya miaka miwili, nakala zilikuwa kabatini katika ofisi ya usharika, chini ya bahasha za ahadi zilizobaki. Mpango haukuwa na kosa. Ulikosa watu waliopatana kiasi cha kuubeba.

Katika jumuiya moja ya usharika huohuo nilisikia habari nyingine. Mhazini alisimama baada ya somo la asubuhi, akasema kwamba fedha za mnada wa mazao ya sadaka alikuwa akizitumia nyumbani kwa wiki moja au mbili kabla ya kuzipeleka ofisini. Akaziweka mezani zile alizokuwa bado anadaiwa, akaomba asamehewe. Mama mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakalia. Kisha wakakubaliana: tangu siku ile sadaka ihesabiwe na watu watatu mbele ya wote, na jumla iandikwe ubaoni. Utaratibu huo unafuatwa hadi leo. Hakuna kamati iliyouleta. Umezaliwa na toba, na waliokuwepo wanaulinda kwa sababu wanajua ulianzaje.

Wapo watakaosema kwamba machozi hayatoshi, kanisa linahitaji katiba na ukaguzi wa hesabu. Wanasema kweli. Katika Matendo sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walipokuwa wakisahaulika katika mgao wa kila siku, mitume hawakuitisha maombi peke yake. Waliunda huduma mpya, na wale saba waliochaguliwa wote wana majina ya Kiyunani. Lakini hata kwa kugawa chakula tu walitakiwa wawe wamejaa Roho na hekima. Utaratibu na malezi viliingia kwa mlango mmoja.

Uamsho nao unatufundisha kwa makosa yake. Katika baadhi ya vikundi, kukiri hadharani kuligeuka kipimo cha nani ni ndugu na nani si ndugu, na sharika zikagawanyika. Na katika Rwanda, nchi ya Gahini yenyewe, mwaka 1994 maelfu ya watu waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia, na baadaye baadhi ya watumishi wa Mungu walihukumiwa mahakamani kwa kushiriki mauaji. Wapo pia Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, nasi tunawaheshimu. Lakini hukumu ya mwaka ule inatuhusu sote: malezi yanayokemea ulevi na uzinzi, lakini yakanyamazia ukabila na uroho wa madaraka, ni malezi ya nusu, na nusu iliyobaki inaweza kuua.

Ndiyo maana makala za toleo hili zinakuja na maswali magumu kwa viongozi. Nani anaruhusiwa kukuuliza habari za moyo wako? Ni lini mara ya mwisho baraza lenu la wazee lilisoma Neno bila ajenda nyingine? Mchungaji anayehubiri msamaha, amemwomba nani msamaha mwaka huu?

Mchungaji, mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya au wa vijana unayesoma ukurasa huu: kabla hujatia sahihi waraka mwingine wa mabadiliko, taja moyoni jina la mtu mmoja unayejua kwamba unapaswa kumwendea. Funga safari, hata kama ni nyumba ya tatu kutoka kwako. Waraka utausaini ukirudi.